Nahodha wa Kandili na Eda ya Mama

Mie si mtu wa kununua kitu kwa sababu kimenitia huruma. Wauza mitumba wa Tandika wananijua: nikishika gauni nalipekua mpaka pindo, na bei nikitajiwa nacheka kwanza. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kumtafutia mwanangu viatu vya shule, nikapita mbele ya mama mmoja aliyetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai, na hapo ujanja wangu wote ukaniishia. Kati ya kitabu cha kemia kisicho na jalada na riwaya moja nene ya mapenzi kilikuwapo kitabu kidogo cha buluu, kimepauka kwa jua, na juu yake pana chombo cha anga chenye taa tano. Nilikiokota nikakinusa kabla hata sijakifungua. Kilikuwa na ile harufu ya karatasi iliyolala sandukuni miaka mingi pamoja na nguo. Machozi yakanijia pale pale, mchana kweupe, mbele za watu.

"Dada, unanunua au unanusa tu?" mama yule akaniuliza.

"Nanunua," nikasema. Bei aliyotaja niliilipa bila hata kucheka.

Wa rika langu watakikumbuka chombo kile. Jumamosi jioni, ukiwa mtoto wa Mbagala na kwenu hakuna televisheni, ulikuwa unanawa miguu, unajipaka mafuta mpaka magotini, unakwenda kukaa sakafuni kwa jirani mwenye nayo, na ole wako ukohoe. Ulikuwa mchezo wa watu wanaozunguka angani, kila wiki wanakoswakoswa kufa na kila wiki wanapona. Waliotengeneza mchezo ule walitoa na vitabu, hadithi mpya za watu wale wale, na sie nyumbani tulikuwa navyo vinne. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, na baharia mmoja aliyekuwa anaacha kazi ndiye aliyemwachia. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha kusomea maandishi ya kwenye makasha tu, lakini vitabu vile alivivalisha jalada la gazeti akaviweka kabatini juu ya sahani za wageni, mahali ambapo hata Mama alikuwa haweki kitu bila kuuliza.

Jina la chombo kwa Kiingereza lilikuwa refu, kaka yangu Hamadi akalifupisha, akakiita Kandili. Majina ya watu ndiyo yalimshinda kabisa, kwa hiyo akawaita kwa vyeo: Nahodha, Luteni, na Daktari, ambaye alikuwa wa kijani. Hamadi wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, na mie nilikuwa na minane.

Halafu Baba akafa. Homa ya siku tatu, basi. Mie sikuona kitu. Asubuhi ile nilipelekwa nyumba ya pili, nikapewa mkate na chai ya maziwa, na kutoka huko nilisikia tu wanaume wengi wakipita njiani wakimtaja Mungu. Sie wanawake hatuendi makaburini, na mtoto wa kike wa miaka minane ndiyo kabisa. Hamadi alikwenda, alilishika jeneza kwa bega lake. Niliporudi nyumbani Baba hayupo, na Mama kakaa chumba cha ndani, kavaa kanga zilizochuja, hana wanja, hana hina, hata mafuta ya asumini kichwani hana.

"Mama yako yuko edani," Shangazi akaniambia. Huyu alikuwa dada yake Baba, aliyekuja kukaa nasi. "Hatoki nje. Miezi minne na siku kumi."

"Halafu?"

"Halafu zitakwisha."

Nikangoja aendelee, hakuendelea. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Jamani, siku zote nilizokuwa nazijua mie, zikihesabiwa basi mwisho wake kuna kitu kinakuja. Ramadhani inahesabiwa, inakuja Idi. Mke wa mjomba alihesabiwa miezi, akaja mtoto. Sasa mwanamke amekaa ndani kwa siku zenye hesabu, kila Ijumaa Shangazi anasema zimebaki kadhaa, na mumewe ndiye asiyeonekana. Ungekuwa wewe ungesema anangojwa nani? Nilijua kama ninavyolijua jina langu kwamba siku eda ikiisha, Baba anarudi. Sikumuuliza mtu yeyote, maana jambo lililo wazi haliulizwi.

Nyumba ilikuwa kimya mpaka inatisha. Redio ilizimwa, kwa jirani kwenye televisheni tulikatazwa, na Mama mwenyewe alikuwa anaongea maneno ya kuhesabika. Alasiri moja, anachambua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Hamadi, hebu vishushe vile vitabu vya baba yako. Tusomee."

"Mama, ni vya Kiingereza."

"Kwani huko sekondari unakwenda kufanya nini?"

Basi ikawa kila baada ya sala ya alasiri tunakaa mkekani, Hamadi anasoma. Alikuwa anausoma ukurasa kimya kimya kwanza, midomo inamcheza, kamusi iko pajani. Halafu anakifunga kitabu kidole kikiwa ndani, anatuhadithia kwa Kiswahili, tena kwa mtindo wa wale watafsiri wa mabanda ya video wanaozungumza juu ya picha na kutia na yao. Kwa hiyo Nahodha wa Kandili akimwona adui alikuwa anasema, "Oya, wanangu, leo ndiyo leo!" Daktari wa kijani alikuwa anaongea kwa lafudhi ya bara, kila neno kaliburuta. Na Luteni, mwanamke pekee mwenye amri mle chomboni, alikuwa anafoka kama Shangazi akikuta sufuria halijasuguliwa. Shangazi naye akipita na ndoo anajifanya hasikii, kisha anasimama mlangoni mpaka sura iishe.

Mama alicheka. Mwanzoni alikuwa anaziba mdomo kwa upindo wa kanga, anaona haya, mjane kucheka. Ilipofika kitabu cha pili akaacha kuziba. Mie nilikuwa namtazama yeye zaidi kuliko ninavyomsikiliza Hamadi. Nilizipenda alasiri zile kupita kiasi, na mpaka leo naona aibu kidogo kusema kwamba miezi ile ya msiba ilikuwa na furaha ndani yake, lakini ilikuwa nayo.

Kitabu cha nne kilikuwa sawasawa na hiki cha buluu nilichonunua Tandika. Humo kuna jiwe kubwa linakuja kuigonga Kandili, na Nahodha anaingia peke yake katika kichombo kidogo kwenda kulisukuma kando. Jiwe linapita salama, lakini yeye haonekani tena, na redio yake imekatika. Luteni anaamuru milango yote ifungwe. Anatangaza siku maalumu za kukaa, na mpaka siku hizo ziishe hakuna kutoka.

Nikaruka. "Mama! Ni kama sie!"

"Eeh, mwanangu," Mama akasema. Mkono wake ulibaki ndani ya ungo, hauchambui kitu.

Kuanzia hapo nilishika matayarisho. Nilizitoa kandambili za Baba uvunguni, nikazisugua kwa brashi na sabuni ya mche mpaka zikarudi rangi, nikaziweka mlangoni zikitazama ndani ili asipate tabu kuzivaa. Chuoni, tulikokuwa tunasomea Kurani, niliwatangazia wenzangu wote: Baba yangu anakuja, Ijumaa ya tatu kutoka leo, njooni mumwone. Mwenzangu mmoja akanicheka, nikamfinya mpaka akalia. Mwalimu akaniita anipe adhabu, nikamweleza kisa chote kwa adabu, na hesabu za siku nikampa. Hakunipiga. Aliniambia niende nyumbani mapema. Baadaye jioni nikamwona amesimama na Hamadi nje ya msikiti, amemshika bega.

Baada ya hapo Hamadi hakusoma siku nne nzima, na tulikuwa tumebakiza sura moja tu! Siku ya kwanza alisema kichwa kinamuuma. Ya pili ana kazi ya hisabati. Ya tatu, kamusi haioni, na kamusi nilikuwa nimeikalia mie. Siku ya nne nilimwambia yeye ni mvivu, na Nahodha akirudi atamtupa nje ya chombo kwa mguu.

Siku ya tano akakaa mkekani. Mama alikuwa pembeni, na siku hiyo hakuwa na ungo wala kazi yoyote mkononi. Hamadi hakutia sauti za mtu yeyote. Alisoma ukurasa kimya, akafunga kitabu.

"Siku zilikwisha," akasema. "Nahodha hakurudi."

"Atarudi sura ya mbele."

"Hakuna sura ya mbele, Zuu. Nahodha alikufa siku ile ile. Watu wote wa Kandili walikuwa wanajua."

"Sasa walikuwa wanamngojea nini?"

"Hawakuwa wanamngoja. Walikaa ndani kwa heshima yake. Siku zilipokwisha, Luteni alioga. Akavaa nguo mpya. Akafungua ule mlango mkubwa, akaenda kukaa kwenye kiti cha Nahodha. Watu wote wakamtazama yeye. Akasema, 'Haya, twende.' Na Kandili ikaenda. Basi. Hapo ndiyo mwisho."

Nilimng'ata mkono. Sisemi kwa kutia chumvi, alama anayo mpaka leo karibu na kiwiko. Nikamwita muongo, mbaya, mchawi, kila neno nililokuwa nalo. Nikamnyang'anya kitabu, nikatoka nacho mbio mpaka uani, nikakitumbukiza chooni. Choo chetu kilikuwa cha shimo, kwa hiyo ndiyo ikawa imetoka hiyo.

Niliporudi, Mama alinivuta akanipakata, mie jitu zima la miaka minane. "Zuhura, nisikilize," akasema. "Baba yako amekufa. Wamemzika. Hamadi ametia udongo kwa mkono wake. Harudi tena, mwanangu, hata siku hizi zikiisha." Hakuna mtu aliyekuwa amenitamkia neno lile tangu siku ya mkate na chai. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaniambia. Nililia mpaka nikatapika, na Mama akalia pamoja nami kwa sauti, na Hamadi alikaa pale pale akitokwa damu mkononi, hakuondoka.

Eda iliisha Ijumaa ile ile ya hesabu. Shangazi alimwogesha Mama, akamvika kanga mpya za kijani, akamfukiza udi, ikasomwa dua. Kisha Mama akaja mlangoni akasimama kizingitini, jua likampiga usoni, akafumba macho. Watoto wa chuoni walikuja kweli. Walikuwa wamejipanga upande wa pili wa njia, wanangoja kuona kama Baba anatokea. Nikiwaza kwamba ningeweza kuwa nimesimama pale na kandambili mkononi, natazama njia mbele ya wale wote mpaka jua litue, mwili unanisisimka hata sasa. Lakini nilikuwa najua. Mama alinishika mkono, tukatoka, tukaenda mpaka dukani kwa Mwarabu pale kona kununua ngano, maana kesho yake alikuwa anaanza kuuza maandazi. Wale watoto niliwapita kichwa juu. Nilikuwa natembea na Luteni.

Hamadi nilimnunia muda mrefu, halafu nikasahau kununa, kama ilivyo kwa ndugu. Vile vitabu vitatu vilivyobaki viliishia kwa mchwa tulipohama. Lakini cha nne kilibaki na mie kuliko vyote. Leo nina karakana yangu ya kushona sare za shule, mafundi sita. Siku ya kwanza niliyokaa kwenye kiti cha mkuu wao, nilisema kimoyomoyo, "Haya, twende." Nilikuwaga nasema hadharani kwamba kitabu kilichonifunza maisha ni kitabu cha vyombo vya anga, watu wanacheka.

Basi kile cha Tandika nilikisoma kwa siku mbili. Niseme kweli? Kibovu. Nahodha anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kila baada ya kurasa mbili, utadhani amepooza. Daktari wa kijani hana mzaha hata mmoja. Na Luteni, Luteni wangu mie, kazi yake ni kuangalia dirishani na kushusha pumzi. Nikawa najisemea, vumilia Zuhura, mwisho unakuja. Ukaja kweli.

Siku zimekwisha. Luteni anatokwa machozi. Mlango wa Kandili unagongwa mara tatu, unafunguliwa, na Nahodha huyo hapo, ndevu mpaka kifuani, mzima kama kigongo.

Nilirudia ukurasa ule mara nne. Nikatazama kama kuna karatasi zimegandana. Halafu hasira zikanipanda kama vile nina miaka minane tena, nikampigia simu Hamadi. Siku hizi yuko Ukonga, fundi wa majokofu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Zuu. Hujambo?"

"Nahodha alirudi."

Nikasikia anaweka chombo cha kazi chini. "Umekipata wapi?" akauliza.

"Tandika. Hamadi, alirudi! Ukurasa wa mwisho kabisa. Anagonga mlango mara tatu."

"Najua."

"Unajua? Umenidanganya miaka yote hii na unajua?"

"Tulia basi nikwambie. Sura ile niliimaliza peke yangu, siku ile ile Mwalimu aliponiita msikitini. Nilipofika pale mlango unagongwa, nikakimbilia kwa Mama chumbani napiga kelele, 'Mama, anarudi! Anarudi!' Nilifurahi, Zuu, wee acha tu. Mie niliyeshika jeneza. Mama akaniacha nikamsimulia yote mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, 'Mwalimu alikuitia nini?' Nikamwambia habari zako. Akasema, 'Wa kwao karudi, Mungu awazidishie. Wetu harudi. Msomee mwenzio habari ya wetu.'"

Nikakiweka kitabu pajani.

"Nikamwambia, Mama, nitasomaje kisichoandikwa? Akasema, 'Kwani hizo sauti zote unazotia zimeandikwa?' Ndiyo zile siku nne. Nilikuwa natunga nyuma ya jiko. Nilijaribu kila namna, nikamtia hata na kaburi angani, haikai. Mwisho nikamtia Luteni kwenye kiti. Sikuwa na mtu mwingine wa kumtia."

Mama ana wajukuu saba sasa, na anapenda kusimulia kila upuuzi tulioufanya utotoni, lakini hili hajawahi kulitaja hata mara moja. Na kaka yangu alikubali kung'atwa na kuitwa muongo na hakujitetea. Alikuwa na miaka kumi na minne! Mwanangu wa viatu anakaribia umri huo, na bado nikimtuma dukani anasahau chenji.

"Asante, kaka," nikasema.

"Asante ya nini. Uliniuma kweli wewe." Akacheka kidogo. "Hebu niambie, akirudi anasemaje? Nimesahau. Niliisoma mara moja tu, mbio mbio, halafu sikuthubutu tena, halafu wewe ukakitupa kitabu chooni."

Nikakifungua kitabu. Nikasoma ukurasa kimya kwanza, midomo inanicheza, kisha nikamhadithia kwa Kiswahili na sauti nikazitia zote: Daktari kwa lafudhi ya bara, Luteni akifoka, mlango ukigongwa, ngo, ngo, ngo, na Nahodha akichungulia ndani na ndevu zake na kuuliza, "Oya, nani kakalia kiti changu?"

Hamadi alicheka. Alicheka mpaka nikasikia mteja wake anamuuliza kuna nini. Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

"Haya," akasema. "Na mie leo nimemwona anarudi."

Akaniambia nisikate simu. Nirudie, nianzie pale mlango unapogongwa.